Dakta Toweett wa Buret na Siasa za Vyama Viwili

Kila mara jarida la chama chetu likitoka tunasoma maisha ya watu mashuhuri, na watu hao aghalabu ni walewale: Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi. Sina ubaya nao hata kidogo. Lakini safari hii nimeamua kuandika juu ya mzee wa hapa hapa kwetu kwenye majani chai, ambaye kuna wanafunzi wanaopita karibu na kwao kila wanapofunga shule na jina lake hawalijui. Huyu ni marehemu Dakta Taaitta Araap Toweett. Alifariki tarehe 8 Oktoba 2007, na wengi wetu tulikuwa bado hatujazaliwa.

Aliwahi kuwa Waziri wa Elimu mara mbili. Alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkuu wa UNESCO. Aliandika kamusi ambayo Kiswahili kimo ndani yake. Sasa mtu kama huyo anasahaulikaje? Jibu langu ni kwamba alianza siasa zake za kitaifa akiwa upande ulioshindwa, katika mchezo ambao pande zake zilikuwa mbili tu. Mchezo wa namna hiyo una tabia mbaya: mshindi akishachukua kombe, hata maswali aliyouliza mshindwa hutupwa nje pamoja naye. Na swali la Toweett, kwa maoni yangu, lilikuwa swali zuri.

Toweett alizaliwa mwaka 1925 huko Tebesonik, Buret, katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho. Siku hizo Bomet haikuwa na wilaya yake; ilitengwa na Kericho mwaka 1992, kwa hiyo ninaposema Kericho ya wakati ule, wenzetu wa Bomet nao wamo. Ni miaka hiyo hiyo ya 1920 ambapo makampuni makubwa ya Kiingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalianza kupanda chai kwa wingi katika milima hii. Kwa hiyo Toweett na chai walikua pamoja. Ardhi nzuri ilikuwa imeshakatwa na kupewa wazungu, na Wakipsigis wakasukumwa ndani ya mipaka ya rizavu. Mwaka 1934, Toweett akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa maorkoiyot, hadi Gwassi kule Nyanza Kusini. Mtoto aliyekua akisikia habari kama hizo asingeweza kuwa mkubwa asijiulize ardhi ni ya nani na nani ana haki ya kuigawa.

Alisoma Litein kwa wamisheni, akaenda Kabianga, kisha Alliance High School. Baadaye alivuka bahari akasomea mambo ya ustawi wa jamii katika chuo cha Devon Kusini huko Uingereza. Halafu kuna jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika masomo yake: shahada yake ya kwanza aliipata kwa posta, kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Hebu fikirieni. Hakuna kompyuta, hakuna simu ya mkononi, barua inakaa njiani majuma mengi, na mtu anasoma peke yake usiku mpaka anapata digrii. Sisi tukikosa stima ya preps siku moja tu tunalia ati silabasi haitaisha!

Siasa alianza mapema. Mwaka 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wenyewe wa Baraza la Kutunga Sheria, lile lililoitwa LEGCO, na wajumbe hao walikuwa wanane tu. Mwaka uliofuata, 1958, viti viliongezwa sita vikawa 14, na Toweett akakipata kimoja kati ya hivyo vipya, akiwawakilisha Wakipsigis na majirani zao. Msifikiri kila mtu alipiga kura. La hasha! Ilibidi uwe na kiasi fulani cha elimu, mali au utumishi, na kuna waliohesabiwa kura mbili, hata tatu, kwa sababu wamesoma au wana mali zaidi. Mchumaji chai wa kawaida hakuwa na hata moja.

Sasa tufike mwaka 1960, maana hapo ndipo penye kiini cha hadithi yangu. Wakoloni walikuwa wameona jua linatua. Katika mkutano wa Lancaster House jijini London, ambao Toweett alihudhuria, ilikubaliwa kwamba Waafrika ndio watakaokuwa wengi katika Baraza. Mara hiyo vyama vikachipuka. KANU iliundwa ikiwa na nguvu nyingi miongoni mwa Wakikuyu na Wajaluo, makabila makubwa yaliyokuwa na wasomi wengi na watu wengi mijini. Wale wa makabila madogo wakatazamana. Huku kwetu kulikuwa na Kalenjin Political Alliance, na kiongozi wake alikuwa Toweett. Wamaasai walikuwa na chama chao, watu wa Pwani chao, na Masinde Muliro upande wa Waluhya alikuwa na chake. Mwezi wa Juni 1960 walikutana Ngong wakaungana, ikazaliwa KADU. Ronald Ngala wa Pwani akawa rais wa chama.

Basi Kenya ikawa na mafahali wawili, na kila mtu ikambidi achague zizi. Uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. Lakini KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Mzee Kenyatta aachiliwe, KADU ikaingia serikalini ikisaidiwa na wazungu wa chama cha Michael Blundell, na Toweett akawa Waziri wa Kazi na Nyumba. Hapa KADU walijiharibia jina, na ni haki niliseme hilo hata kama mzee huyu ni wetu. Kukaa serikalini kwa msaada wa masetla, na hali mwenzako ndiye aliyepata viti vingi, kuliwafanya waonekane vibaraka. Mwaka 1962 ikaundwa serikali ya mseto ya vyama vyote viwili, naye akapewa wizara ya ardhi.

Swali la KADU lilikuwa hili: wakoloni wakiondoka na mamlaka yote yakibaki Nairobi, je, jamii ndogo itafanyaje ikiwa haitaweza kamwe kushinda kwa hesabu ya vichwa? Jibu lao lilikuwa majimbo. Kila jimbo liwe na baraza lake na usemi juu ya ardhi yake, na kuwe na Seneti ambapo wilaya ndogo ina mjumbe mmoja sawa na wilaya kubwa. Mfano waliutazama hata Uswisi, nchi ndogo yenye lugha nne na isiyotawaliwa na mji mmoja. KANU wakajibu kwamba hayo ni kuigawa nchi vipande vipande, tena ni gharama kubwa kwa taifa changa. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Ubaya ni kwamba zilishindanishwa kama timu za mpira, hivi kwamba mtu wa KANU aliyeona jema fulani katika majimbo hakuwa na mahali pa kulisemea, wala mtu wa KADU aliyependa umoja wa taifa.

Katiba ya mwaka 1963 ilikubali majimbo saba, ukiacha Nairobi, na Seneti ya wajumbe 41. Mwezi wa Mei uchaguzi ukafanyika. Katika Baraza la Wawakilishi KANU ilipata viti 83, KADU 33, na chama cha Paul Ngei, APP, kikapata vinane. Chama cha Ngei hakikukawia kurudi KANU. Wabunge wa KADU nao wakaanza kuvuka mmoja mmoja, kwa maana upinzani haukuwa na barabara wala shule ya kuwapelekea watu nyumbani. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe. Mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri, na majimbo yakafa kabla hayajajifunza kutembea. Seneti ilifuata mwaka 1966. Vyama viwili vikawa kimoja ndani ya mwaka mmoja na nusu, na hakuna risasi iliyopigwa.

Niruhusuni nipumzike kidogo na maisha ya mzee nieleze kwa nini mambo huwa hivi, maana nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu tulipofunzwa habari za uchaguzi. Chukueni mfano wa kituo cha kununulia chai. Wakulima 100 wanachagua mwenyekiti. Wa kwanza anapata kura 40, wa pili 35, wa tatu 25. Wa kwanza amekuwa mwenyekiti ingawa 60 hawakumtaka. Mwaka unaofuata wale 25 watasemaje? Watasema tusipoteze kura, twende kwa yule wa pili. Hivyo wa tatu, hata akiwa ndiye mwenye akili kuwashinda wote, anaachwa pekee yake na mkewe na binamu zake. Hakuna aliyemkataza kugombea. Ni hesabu tu iliyomnyonga.

Na si kwetu tu. Marekani, ambayo tumezoea kuambiwa ni mwalimu wa demokrasia, imekuwa na vyama viwili hivyo hivyo kwa zaidi ya karne moja na nusu, na watu wengi kule wanalalamika kwamba wanapiga kura dhidi ya mtu badala ya kumpigia mtu. Mwaka 1992 tajiri mmoja aitwaye Ross Perot aligombea bila chama chochote kati ya hivyo. Alipata karibu asilimia 19 ya kura zote. Mnajua alipata wajumbe wangapi wa kumchagua Rais? Sufuri! Hakuna jimbo hata moja aliloongoza, kwa hiyo mamilioni yale ya kura yakayeyuka kama umande. Mwaka huo huo wa 1992 hapa Kenya wagombea wa urais walikuwa wanane. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, na Matiba, Kibaki na Jaramogi Odinga wakagawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Wakenya wakajifunza somo: unganeni au mpotee. Ndiyo maana mwaka 2022 wagombea walikuwa wanne, lakini wawili peke yao walichukua zaidi ya asilimia 99. Profesa Wajackoyah na Waihiga Mwaure, hata ukijumlisha kura zao, hawakufika asilimia moja. Sisemi walistahili kushinda. Nasema tu kwamba wengi wetu hatukusoma walichoandika, kwa sababu tulishaambiwa haina haja.

Haya, turudi kwa Toweett. KADU ilipokufa, mtu aliyepanda kutoka huku kwetu Bonde la Ufa alikuwa Daniel arap Moi, mwenzake Toweett katika chama kile, naye akawa Makamu wa Rais mwaka 1967. Toweett, aliyekuwa amekiongoza chama cha Wakalenjin kabla ya KADU, akabaki nyuma. Lakini mwaka 1969 watu wa Buret walimpeleka Bungeni. Angalieni kioja hiki: uchaguzi huo ulifanyika baada ya chama cha Jaramogi, KPU, kupigwa marufuku, kwa hiyo wote waligombea ndani ya KANU. Hapakuwa na zizi la kuchagua, watu wakamtazama mtu mwenyewe. Wabunge wengi wakongwe waliangushwa mwaka ule. Sisifu utawala wa chama kimoja, msinielewe vibaya, maana wakati huo viongozi wa KPU walikuwa kizuizini. Ninalosema ni kwamba Toweett alipimwa kwa kichwa chake pale tu ambapo hakuna aliyemuuliza ni wa chama gani.

Mzee Kenyatta alimpa Wizara ya Elimu. Akiwa huko, karo ilifutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne kuanzia Januari 1974, na shule zikafurika watoto ambao wazazi wao hawakuwa na shilingi. Mwaka huo huo Mzee aliamuru Bunge litumie Kiswahili, wabunge waliozoea Kiingereza wakatoka jasho! Baada ya uchaguzi wa 1974 Toweett alihamishiwa Nyumba na Huduma za Jamii, kisha mwaka 1976 akarudishwa Elimu. Mwishoni mwa mwaka huo UNESCO ilileta mkutano wake mkuu wa 19 Nairobi, na wajumbe wa mataifa yote wakamchagua mtoto wa Tebesonik kuwa rais wa mkutano. Miongoni mwa mambo yaliyopitishwa pale ni pendekezo la kuwalinda wafasiri na haki zao, na jingine la kukuza elimu ya watu wazima. Wafasiri, jamani! Sisi wa Chama cha Kiswahili tungepaswa kuiweka tarehe hiyo ukutani.

Lakini nisimpake rangi ya malaika. Mwezi wa Oktoba 1975, Jean-Marie Seroney wa Nandi, Naibu wa Spika, alikamatwa ndani ya majengo ya Bunge pamoja na Martin Shikuku kwa sababu ya maneno yaliyosemwa Bungeni kwamba KANU imekufa. Wote wawili walikuwa KADU zamani. Seroney alikaa kizuizini hadi Desemba 1978. Na Toweett wakati huo alikuwa wapi? Alikuwa waziri katika serikali hiyo hiyo, na aliendelea kuwa waziri. Wazee wa kwetu wana maoni mbalimbali kuhusu hilo. Mimi naona ndilo doa kubwa katika maisha yake, ingawa najua kwamba mawaziri waliothubutu kufungua mdomo siku hizo walikuwa wachache mno.

Kitu alichokifanya bila kumwogopa mtu yeyote ni lugha. Akiwa waziri, mtu mwenye mafaili mezani na dereva anayemngoja nje, alijiandikisha Chuo Kikuu cha Nairobi kama mwanafunzi. Mwaka 1975 aliandika tasnifu ya shahada ya pili kuhusu nomino za Kikalenjin na jinsi zinavyogawanyika, kisha akaendelea mpaka akawa Daktari wa Falsafa. Mwaka 1979 vikatoka vitabu vyake: kimoja juu ya isimu ya Kikalenjin, kingine cha historia simulizi ya Wakipsigis, na kamusi ndogo ya mfukoni ya nomino kwa Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin. Hata jina lake lina somo. Wengi huandika arap, yaani mwana wa, yeye akaandika Araap. Wengine huandika Taita Towett, yeye akaandika Taaitta Toweett. Watu walidhani ni maringo ya msomi. Kumbe katika Kikalenjin urefu wa irabu hubadilisha maana, kama vile katika Kiswahili kata si sawa na kataa. Mzee alikuwa anadai jina lake lisomwe jinsi mama yake alivyolitamka.

Na ukitazama vizuri utaona kwamba kamusi ile na majimbo yale ni kitu kimoja. Lugha tatu zimewekwa kando kwa kando katika ukurasa mmoja, ya dunia, ya taifa na ya nyumbani, na hakuna inayomezwa na mwenzake.

Mwaka huo huo wa vitabu, 1979, uchaguzi ulifanyika na akashindwa kiti cha Buret na Profesa Jonathan Ng'eno, ambaye baadaye naye alikuwa Waziri wa Elimu na hatimaye Spika wa Bunge. Msomi aliangushwa na msomi, angalau hilo lina heshima yake. Toweett hakupanda tena kufikia kimo kile.

Neno majimbo, hata hivyo, liliendelea kuishi bila yeye, na likaharibika. Kuanzia mwaka 1991, siasa za vyama vingi ziliporudi, wanasiasa fulani katika Bonde la Ufa walilitangaza majimbo kwa maana ya kwamba wageni warudi kwao. Nyumba zikachomwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, miezi miwili tu tangu Toweett afariki, wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho waliotoka Nyanza na Magharibi walikimbia na watoto wao, na kuna waliouawa. Hapa ndipo ningetamani mzee angalikuwa hai nimuulize uso kwa uso. Ikiwa majimbo ni ngao ya mdogo, je, yule Mgusii au Mjaluo anayeishi katika nyumba za kampuni, aliyezaliwa pale na kuchuma chai pale, yeye si mdogo kuliko sote? Nani anamkingia ngao? Katika mipango ya KADU ya 1962 simwoni. Mabweni yetu yana watoto wa watu hao, tunakula nao na tunacheza nao mpira, kwa hiyo swali hili haliko mbali na meza yetu.

Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipigia kura Katiba mpya. Ndani yake mlikuwa na kaunti 47, kila moja na baraza lake na gavana wake, na Seneti iliyokufa 1966 ikafufuliwa. Si majimbo ya KADU hasa, lakini mtu akizitazama pua na macho anamtambua babu. Karatasi ya kura ilikuwa na visanduku viwili tu, kijani cha Ndiyo na chekundu cha Hapana, na wanasiasa walishapanga pande zao. Nchi nzima asilimia 67 walisema Ndiyo. Kericho na Bomet, nyumbani kwa mtu aliyekwenda London kudai mambo hayo nusu karne nzima kabla, walipiga kura nyingi mno za Hapana. Hata hivyo kaunti zikaja, na tangu mwaka 2013 Kericho ina gavana wake na Bomet wake, na barabara ya Litein inagombewa na madiwani ambao tunawajua kwa majina na nyumba zao.